ELIMU YAPOKEWA KWA NANI?



Wiki chache zilizopita, katika darsa yetu ya baina ya Magharibi na Isha, lilizuka suala ambalo halikumalizika usiku ule, na baadhi ya ndugu wamenitaka niliandike ili wasiokuwapo nao wapate kulifikiri. Asili yake ni hii. Kijana mmoja katika wanafunzi wetu, aliyesoma skuli na chuoni pia, alisema kwa fahari kwamba kuchanja ndui hakukuanza Ulaya, bali Waingereza walikupokea kwa Waturuki na kwa Waafrika, kisha wakakufanya ni kwao. Akamaliza kwa kusema: "Walituibia, Maalim." Mzee mmoja aliyekuwa ameegemea nguzo akamjibu: "Mwanangu, mwizi huvunja mlango. Mali hii sisi tuliiacha barazani, hatukuiandika wala hatukuitangaza. Aliyepita akaiokota, utamwita mwizi?" Watu wakacheka, na kijana akanyamaza kwa adabu, lakini nilimwona usoni kuwa hakuridhika.

Nami pia sikuridhika. Kijana ana haki ya kutaka mwenye jambo atajwe, na mzee ana haki ya kutulaumu. Walakini chini ya maneno yao liko suala kubwa zaidi, nalo ni hili: neno la elimu lapimwa kwa cheo cha aliyelinena, au kwa ukweli wa kilichonenwa? Na mtu akilikataa neno la kweli kwa kumdharau msemaji wake, kisha watu wakafa kwa kulikosa neno hilo, je, hana lawama mbele ya Mwenyezi Mungu?

Kabla ya kuhukumu yapasa tuyajue yaliyotokea. Khabari zenyewe zimo katika barua walizoandikiana matabibu wa Kiingereza na wachunguzi wa mimea na wanyama, zama za babu za babu zetu.

Mwaka 1660 wataalamu wa London waliunda chama kilichoitwa Chama cha Kifalme. Kazi yake kubwa ilikwenda kwa barua. Karani wao, Henry Oldenburg, mtu aliyezaliwa Ujerumani, alikuwa akiandikiana na wataalamu wa nchi nyingi, na mwaka 1665 akaanza kuzipiga chapa khabari za barua hizo katika jarida ambalo mpaka leo latoka. Barua hizo hazikuwa salama kwake, kwani mwaka 1667 alitiwa gerezani kwa muda kwa kushukiwa kwa yale aliyoyaandika kwenda nchi za nje. Shime ya chama hicho, kwa lugha ya Kilatini, maana yake ni kuwa mtu asilikubali neno kwa sababu tu fulani kalisema, ila alijaribu na kulithubutisha. Tuishike shime hiyo vizuri, kwani tutawapimia kwayo.

Ndui ilikuwa msiba wa ulimwengu wote. Katika watu walioipata Uingereza, mmoja katika kila watano au sita alikufa, na wengi waliopona walibaki na makovu, au walipofuka macho. Hapakuwa na dawa. Lakini katika nchi nyingine watu walikuwa na hila yao: humtafuta mgonjwa aliyepatwa na ndui nyepesi, hutwaa usaha wake kidogo, humchanja mzima mkononi, na kuutia usaha ule katika mchanjo. Yule mzima huumwa siku chache, aghlabu kwa uchache, na akipona hapatwi na ndui tena maisha yake.

Mwaka 1700 Martin Lister, tabibu na mchunguzi mashuhuri wa makombe ya baharini, aliletewa barua na mfanyabiashara wa Kiingereza aliyekuwa China, yenye kueleza jinsi Wachina wanavyoitia ndui puani kwa makusudi ili kumkinga mtu. Barua ikasomwa, ikawekwa. Desemba 1713 tabibu Emanuel Timonius aliandika kutoka Istanbul, akieleza kwa urefu namna ya kuchanja, na kwamba jambo hili lilikuwa limeingia mjini humo kwa kiasi cha miaka 40 kutoka kwa Wacherkasi, Wajorjia na watu wengine wa Asia. John Woodward, tabibu na mtaalamu wa mawe na ardhi, akaifikisha chamani, na mwaka 1714 ikapigwa chapa. Kisha William Sherard, mjuzi wa mimea aliyekuwa konsuli wa Kiingereza katika mji wa Smyrna, akaleta maelezo ya tabibu wa tatu, Pylarini, nayo yakapigwa chapa mwaka 1716. Barua zikasomwa kama watu wasomavyo khabari za mnyama wa ajabu wa nchi ya mbali, na matabibu wa London wakaendelea kuwazika wagonjwa wao.

Mwaka huo huo wa 1716 Woodward alipata barua nyingine, kutoka Boston, katika makoloni ya Uingereza ya Marekani. Mwandishi wake alikuwa kasisi, Cotton Mather. Alisema kwamba kabla hajaisoma khabari ya Timonius alikwisha kuisikia nyumbani kwake, kutoka kwa mtumwa wake wa Kiafrika. Mtumwa huyo alitolewa zawadi kwa Mather mwaka 1706 na waumini wa kanisa lake, na Mather akamwita Onesimus. Siku moja alimwuliza kama alipata kuugua ndui. Akamjibu: ndiyo, na siyo. Akamwonyesha kovu mkononi, akamweleza kuwa kwao watu huchanjwa, na aliyechanjwa haogopi tena.

Ndui ilipoingia Boston mwaka 1721, Mather aliwaandikia matabibu wa mji akawataka wajaribu. Mmoja tu alikubali, Zabdiel Boylston, naye alianza na mwanawe mwenyewe wa miaka sita pamoja na watumwa wake wawili. Mji ukawaka moto. Aliyekuwa mbele katika kupinga ni William Douglass, tabibu pekee wa Boston aliyekuwa na shahada ya chuo kikuu. Ajabu ni kwamba Douglass ndiye aliyemwazima Mather jarida lenye barua za Istanbul na Smyrna! Yeye alizisoma, akaziweka. Na ushahidi wa Waafrika aliufanyia mzaha, akaona haya kwamba watu wenye akili wategemee maneno ya watumwa. Novemba mwaka ule mtu alitupa bomu dirishani mwa nyumba ya Mather, na kwa bahati halikupasuka.

Hesabu ilipofanywa, ndui ilikuwa imeua watu 844 katika mji wa watu wapatao 11,000. Waliochanjwa walikuwa zaidi ya 240, na waliokufa katika wao ni 6. Tuseme, basi, ni nani aliyekuwa tabibu Boston mwaka ule: mwenye shahada, au mwenye kovu?

Huku Uingereza mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Bibi Mary Wortley Montagu, mke wa balozi wa Uingereza kwa Sultani wa Waturuki, alikuwa amefiwa na ndugu yake kwa ndui, na yeye mwenyewe imemharibu uso. Mnamo Aprili 1717 alimwandikia barua sahibu yake, Sarah Chiswell, akimsimulia jinsi wanawake wazee wanavyokuja majumbani na usaha katika ganda la jozi, wakawachanja watoto kwa sindano, na watoto wakacheza siku ile ile. Mwaka 1718 alimchanjisha mwanawe huko huko Istanbul, na mwaka 1721, London ilipovamiwa na ndui, akamchanjisha binti yake mbele ya macho ya matabibu. Hapo ndipo wakubwa walipoamka. Yale ambayo barua tatu za wataalamu hazikuyafanya, yalifanywa na bibi mmoja wa daraja la juu.

Lakini tazameni jinsi walivyojaribu. Tarehe 9 Agosti 1721, kwa idhini ya Mfalme George wa Kwanza na chini ya uangalizi wa tabibu mkuu Hans Sloane, wafungwa sita wa gereza la Newgate waliokuwa wamehukumiwa kunyongwa, wanaume watatu na wanawake watatu, waliambiwa: kubalini kuchanjwa, na mkipona mtaachwa huru. Wakakubali. Wote wakapona, wakaachwa. Mmoja wao, msichana wa miaka 19, alipelekwa kuwauguza wagonjwa wa ndui ili ionekane kama kweli amekingika. Kisha wakachanjwa watoto mayatima. Na baada ya hayo yote, Aprili 1722, ndipo walipochanjwa binti wawili wa mtoto wa Mfalme.

Ndugu zangu, tusizisifu barua hizi tukayapita haya. Ridhaa ya mtu ambaye kamba iko shingoni mwake si ridhaa. Maulamaa wetu wameandika milango mirefu juu ya mtu aliyelazimishwa, kwamba tamko lake halimfungi. Na yatima hana hata tamko. Matokeo mema hayaigeuzi dhulma kuwa haki. Lau mmoja katika wale sita angalikufa, hakuna aliyekuwa tayari kuulizwa kwa ajili yake. Boylston alianza na mwanawe, akawachanganya na watumwa wasiokuwa na kauli. Bibi Mary alianza na watoto wake mwenyewe, na katika hawa wote huyo ndiye ninayemwona ameingia mlangoni vizuri, kwani aliubeba kwanza yeye mzigo aliotaka watu waubebe.

Njia iliyokuwa safi kabisa ilikuja baadaye, na ilikuwa ni njia ya barua. James Jurin, tabibu na karani wa chama kile, alitangaza kuwa kila anayechanja watu, popote alipo, amwandikie: amemchanja nani, mwenye umri gani, na yamempata nini, aliyepona na aliyekufa. Barua zikaja kutoka miji na vijiji. Hakuficha waliokufa. Akakuta kuwa katika waliochanjwa hufa kiasi cha mmoja katika 50, na katika waliopatwa na ndui yenyewe hufa mmoja katika watano au sita. Hapo hapakuwa tena na neno la bibi wala la mtumwa wala la tabibu. Palikuwa na hesabu ambayo kila mtu aweza kuisahihisha.

Na barua moja zaidi, ambayo nadhani yule kijana wetu ataipenda. Mwaka 1728 balozi wa Tripoli ya Magharibi mjini London, Cassem Aga, yaani Qasim Agha, aliingizwa katika uanachama wa chama kile. Aliandika kuwa kuchanja ndui ni ada ya Tripoli, Tunis na Algeria, na ya Waarabu wa jangwani pia, na ni ya kale hata hakuna akumbukaye mwanzo wake. Akasema katika watu 100 wa ndui ya kawaida hufa kiasi cha 30, na katika 100 waliochanjwa hawafi hata wawili. Maneno yake yalipigwa chapa kwa jina lake mwaka 1729.

Basi narudi kwa kijana. La, mwanangu, hawakuiba, kwani barua zao zenyewe zawataja Wacherkasi, Waturuki, Onesimus na Qasim. Walioyasahau majina hayo ni waliokuja baada yao. Na narudi kwa mzee pia. Kosa si letu peke yetu. Wenzetu walikuwa na shime ya kutotazama cheo cha msemaji, lakini kwa miaka 21, tangu barua ya China hata mwaka 1721, walikitazama cheo. Neno lilipotoka kwa Mchina, Mturuki, mwanamke mzee na mtumwa, lilikuwa hekaya. Lilipotoka kwa bibi wa daraja la juu, likawa elimu. Walioifidia tofauti hiyo ni waliozikwa katika miaka hiyo.

Hapa mtu aweza kunipinga, na hoja yake ni ya nguvu. Atasema: "Maalim, hata maulamaa wetu wa hadithi hawakulitazama neno peke yake. Walimtazama msemaji. Wao ndio waliotufundisha kuuliza: khabari hii umeipata kwa nani?" Ni kweli, nami sitaki mtu aiache kanuni hiyo. Lakini tuangalie walimtazamia nini. Walimtazamia ukweli wake na uhifadhi wake. Hawakuuliza rangi yake, wala mali yake, wala kama ni huru au mtumwa, mwanamume au mwanamke. Nafi' alikuwa mtumwa aliyeachwa huru wa Abdallah bin Umar, na Imamu Malik akipokea kwa Nafi' na Nafi' kwa Ibn Umar, maulamaa waliuita mnyororo huo wa dhahabu. Ikrima alikuwa mtumwa wa Ibn Abbas. Ata bin Abi Rabah, mtu mweusi katika mawali, alikuwa mufti wa Makka zama zake. Na Bibi Aisha, radhi za Mwenyezi Mungu zimfikie, ni katika waliopokewa hadithi kwa wingi kabisa. Wanafunzi wa fiqhi wajua kuwa ushahidi wa kortini una sharti zake, na mapokezi ya khabari yana sharti zake, na katika mapokezi neno la mtumwa mkweli na la mwanamke mkweli lapokewa.

Kwa hivyo kumtazama msemaji kuna namna mbili. Iko ya kuuliza: je, ni mkweli, ameona kwa macho yake, na akumbuka vizuri? Hiyo ni haki, na ni wajibu. Na iko ya kuuliza: ni mtu wa nani, na mimi nitaonekanaje nikimsikiliza? Hiyo ni kiburi kilichovaa joho la elimu. Douglass alidhani yuko katika ile ya kwanza, kumbe yuko katika ya pili. Lau angekuwa katika ya kwanza, angalimwita Onesimus, akalitazama lile kovu, akawatafuta Waafrika wengine mjini akawauliza mmoja mmoja. Mather alifanya hivyo, akakuta maneno yao yaafikiana. Kuafikiana kwa mashahidi wasiopanga pamoja ni hoja inayojulikana na kila mwanafunzi wa chuo.

Na kanuni hii yakata pande zote mbili. Isije mtu akadhani nasema kila neno la bibi kizee ni dawa. Kuchanja kwa zama zile kulikuwa na khatari: baadhi ya watu walikufa kwako, na aliyechanjwa aweza kuwaambukiza wengine. Ndiyo maana mwaka 1796 Edward Jenner alipolithubutisha neno la watu wa mashamba, kwamba wakamuaji wanaopatwa na ndui ya ng'ombe hawapatwi na ndui ya watu, watu waliiacha chanjo ya kale wakafuata yake, iliyokuwa salama zaidi. Neno la mnyonge halikataliwi kwa unyonge wake, wala halikubaliwi kwa huruma. Lapimwa. Kadhalika leo, khabari ikitujia kwamba chanjo fulani ni njama ya maadui, tusiipokee kwa sababu yatupendeza kumchukia aliyeileta chanjo. Tuulize vile vile: umeipata kwa nani, na yeye kaona nini?

Mwisho wa ndui wenyewe ulikuwa katika pwani hii hii ya Bahari ya Hindi. Oktoba 1977, katika mji wa Merka, Somalia, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali, alipatwa na ndui baada ya kuwa karibu na wagonjwa. Alikuwa amekwepa kuchanjwa kwa kuogopa maumivu. Alipona, na baada yake hakuna aliyepatwa na ndui kwa njia ya kawaida popote, hata Mei 1980 Shirika la Afya la Ulimwengu likatangaza kuwa maradhi hayo yamekwisha. Uzeeni mwake alizunguka akiwashawishi wazazi wawachanje watoto wao dhidi ya polio, na alikuwa katika kazi hiyo alipofariki mwaka 2013. Mtu aliyeogopa jana akawa mwenye kunasihi leo: hiyo ndiyo toba ya vitendo.

Nami nina langu la kuungama. Shekhe aliyenisomesha nikiwa mdogo alikuwa akijua mengi ya nyota, ya pepo za bahari na ya dawa za mwilini, na aliyoyaandika aliyatia katika sanduku moja. Alinitaka mara mbili niyanakili. Niliona ni mambo ya wazee, nikajishughulisha na vitabu vilivyopigwa chapa Misri. Alipofariki tulilifungua sanduku, na mchwa walikuwa wamelitangulia. Katika karatasi zile huenda mlikuwa na makosa mengi, na huenda mlikuwa na neno moja la kuokoa roho. Sitajua, na kutojua kwangu ni kwa hiari yangu. Kwa hivyo nisemapo kuwa Douglass alizisoma barua akaziweka, nafsi yangu haiko mbali.

Sarah Chiswell, sahibu aliyeandikiwa na Bibi Mary ile barua ya mwaka 1717, alifariki mwaka 1726. Alifariki kwa ndui. Khabari ya kinga iliwahi kufika mkononi mwake miaka tisa kabla, kwa lugha yake, kutoka kwa mtu aliyempenda. Sisi hatumhukumu, bali twaona kuwa barua peke yake haitoshi. Aliyepewa neno ana deni la kulipima, akiliona kweli alitende, na akilitenda alifikishe kwa mwenziwe pamoja na jina la aliyempa. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratul Baqara tuandike hata deni la fedha baina yetu. Deni la elimu lastahiki zaidi.

Basi atakayekuja darsa ijayo na aje na neno moja alilolisikia kwa mkunga, kwa nahodha au kwa mkulima, pamoja na jina la msemaji na alivyolijua. Kalamu na daftari vitakuwapo. Tutaandika kwanza, kisha tutapima.

Wallahu a'alam, wabillahi tawfiq.